Kuchonga shaba kwa elektroni: shughuli yote iko kwenye tone

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wahangaike na kimiminika kuchonga shaba wakati silikoni inachongwa vizuri kwa mwali wa elektroni na gesi ya zenoni difloraidi. Nimefanya kazi hii miaka miwili katika maabara huku Marekani, nikueleze nilivyoiona.

Shida ni shaba yenyewe. Silikoni ikiungana na florini inageuka gesi na kwenda zake. Shaba ikiungana na florini au klorini inabaki palepale, yabisi. Ndiyo maana kampuni ya kompyuta ya IBM walipotangaza chipu za nyaya za shaba mwaka 1997, shaba haikuchongwa: mifereji ilichongwa kwanza, ikajazwa shaba, iliyozidi ikasuguliwa.

Ndani ya maji mambo ni mengine, maana ioni za shaba huyeyuka. Na elektroni hazichongi moja kwa moja. Zinavunja molekuli za maji, kisha vipande vikali kama haidroksili ndivyo vinavyoishambulia shaba, na asidi nyepesi ya salfuriki (iliyozimuliwa kwa maji) inaibeba shaba iliyoyeyuka.

Kilichonitesa ni tone la asidi hiyo juu ya shaba, ambamo elektroni hupita. Tulitumia hadubini ya elektroni inayoruhusu mvuke ndani, sampuli ikipozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, kanieneo paskali 800 hivi. Punguza mvuke kidogo tu, maji yanaruka lakini asidi hairuki, hivyo tone linazidi kuwa kali bila wewe kuona. Ukiuzidisha, tone linanenepa, elektroni zinatawanyika njiani, na mstari uliotaka uwe mwembamba unatoka mpana. Majuma mengi yaliishia hapo, nikipandisha na kushusha mvuke.

Kosa langu lililoniuma zaidi: niliacha sampuli kwenye asidi usiku kucha, nje ya mashine. Asidi nyepesi peke yake haili shaba, ila oksijeni ya hewani iliyoyeyuka humo inaisaidia. Asubuhi tabaka zima la shaba, unene wa nanomita 100 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), lilikuwa limekwisha. Tangu hapo napitisha naitrojeni kwenye asidi kuifukuza oksijeni, na tone naliweka dakika ya mwisho.

Kama hadubini yako ya elektroni ni ya ombwe tupu, isiyoruhusu mvuke, tafuta kisanduku cha kuwekea sampuli na asidi, kilichozibwa kwa utando wa silikoni naitraidi. Ule wa nanomita 50 unapitisha elektroni na kuzuia maji. Ukague kwa hadubini ya kawaida kila mara kabla ya kuuingiza. Ukipasuka, asidi inamwagika ndani ya mashine.