Kadi imekubali, lakini je, fedha ni zako?

SWALI: Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita huko Paje, Unguja. Mtu aliyejitambulisha kuwa yuko Uingereza alinitumia namba za kadi kwa barua pepe, nikaziingiza kwenye mashine, malipo yakakubaliwa. Siku mbili baadaye alidai amelipa zaidi, akaomba ziada nimtumie wakala wake wa safari kwa njia ya simu, nami nikatuma. Wiki saba zimepita, na sasa benki imekata fedha zote kwa kuwa mwenye kadi ameupinga muamala. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Benki inapoidhinisha muamala wa namna hii huwa imeridhika tu kwamba kadi inafanya kazi na salio linatosha. Haijathibitisha kuwa anayeitumia ndiye mwenyewe. Kwa Visa na Mastercard, mwenye kadi kwa kawaida huwa na hadi siku 120 za kulalamika, na kama kadi haikuwepo mbele yako, wala mlipaji hakuthibitishwa, hasara hukuangukia wewe.

Kosa lililokuumiza zaidi ni ile ziada. Fedha za kadi hurudishwa kwenye kadi ileile, kupitia mfumo uleule, hata mgeni akikushikilia kwa machozi kwamba wakala anasubiri. Ungefanya hivyo, kiasi hicho kingemrudia mwenye kadi badala ya kumfikia mwizi.

Kuanzia leo usipokee namba za kadi kwa barua pepe wala WhatsApp. Omba benki yako kiungo cha malipo chenye 3-D Secure, utaratibu unaomtaka mlipaji ajithibitishe kwa benki yake, mara nyingi kwa namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwenye simu yake. Akishathibitishwa, dai la kwamba hakulipa yeye kwa kawaida hubebwa na benki iliyotoa kadi, ingawa dai la kutopata huduma hubaki kwako, kwa hiyo tunza masharti ya kughairi aliyoyakubali.

Kwa sasa jibu barua ya benki kabla ya muda iliyokupa kwisha, kisha upeleke polisi na kwa kampuni ya simu kumbukumbu ya muamala uliomtumia huyo wakala. Barua pepe zitunze kama ushahidi, ila zifiche namba za kadi, hasa tarakimu tatu za nyuma, ambazo kanuni za PCI DSS, yaani kanuni za kimataifa za usalama wa taarifa za kadi, zinakukataza kuzihifadhi baada ya muamala kuidhinishwa.