Taa nyekundu ya oili ikimetameta

Ndugu yangu, nimekuelewa: ukitoka Mombasa hadi Malindi, taa ya oili inawaka gari likisimama na injini ikiunguruma taratibu, ukikanyaga mafuta inazimika. Fundi anataka kubadilisha sensa tu, kile kifaa kinachohisi presha ya oili na kuwasha taa. Huenda yuko sawa, lakini usikubali kabla ya kupima.

Taa ya manjano aghalabu hukupa muda. Hii nyekundu haikupi: inasema presha ya oili imeshuka. Ikiwaka, egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika 10 hivi. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kidogo kidogo. Kuijaza kupita kiasi nako ni hasara. Kisha inama uangalie chini kama inavuja.

Kiwango kikiwa sawa na taa bado inawaka, usiendeshe hata kufika Gede. Mwite fundi mwenye geji ya presha. Presha ikiwa nzuri, basi huenda ni sensa, na bei yake si ya kukutisha. Presha ikiwa chini, huenda ni pampu ya oili, au bearingi (vyuma vinavyobeba shafti inayozunguka ndani ya injini) zimelika. Mimi nilipuuza taa hiyo kwa sababu nilikuwa karibu na nyumbani, injini ikanoki, yaani ikafa. Nilipanda tuktuk miezi minne.

Ukisikia inagonga kama nyundo, zima papo hapo, ivutwe.