Herufi moja katika kitabu cha Magila

Swali lenu la juma lilitaka kujua ni safari ipi ya barabarani ambayo msomaji ameifunga bila kuitiwa biashara, harusi wala msiba, na alirudi na nini. Yangu ni ya likizo ya Juni mwaka juzi. Mimi na baba yangu mzazi tulitoka Handeni hadi Kasulu, siku kumi na mbili njiani katika Noah ya mdogo wangu, tukimtafuta mtu aliyefariki mwaka 1971.

Mtu huyo ni babu, mzaa baba. Alikuwa manamba. Wasomaji vijana huenda wamelisikia neno hili katika utani tu, kwa hiyo nilieleze. Manamba walikuwa vibarua wa mkataba walioletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka mikoa ya mbali, kila mmoja akapewa namba yake, na namba ndiyo ikawa jina la wote. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika hai ni 62 tu, na kwa uzao wake Tanga nzima ikageuka shamba. Wenyeji waliokuwa na mashamba yao hawakuitaka kazi ile kwa ujira ule, basi watu wakatafutwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda Silabu, ofisi yao ya kuandikisha vibarua, na waandikishaji wakaenda Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, Songea, hata ng'ambo ya mpaka, Ruanda-Urundi.

Babu alipofariki, baba alikuwa na miaka saba. Bibi, Mzigua wa Kideleko, akamchukua mwanawe akarudi naye kwao Handeni, na habari za kambini zikaishia hapo. Baba alibaki na vitu vitatu vya baba yake. Cha kwanza, kambini aliitwa Tabora, na kwa sababu hiyo maisha yetu yote tumejiita Wanyamwezi. Cha pili, jina la ukoo, Heri. Kitambulisho changu cha taifa kinasomeka hivyo mpaka leo. Cha tatu ni neno. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kukata mkonge, babu alikuwa akichutama mbele ya mtoto, anapiga makofi polepole, na kumwambia "Makeye". Baba aliamini kwamba hilo ndilo jina alilopewa na baba yake la kudekezwa. Nilipozaliwa akanirithisha mimi. Nyumbani kwetu hadi leo mimi ni Makeye.

Tulianzia Magila, karibu na Muheza, kwenye misheni iliyoanzwa na Waanglikana wa UMCA, shirika la wamisionari kutoka Uingereza, miaka ya 1860, kwa kuwa bibi alisema baba alibatizwa huko. Tulikwenda na barua ya serikali ya kijiji na cheti cha baba. Mzee mmoja wa kanisa alitufungulia kabati, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa lililochakaa pembe. Ubatizo wa 1964 ulikuwa ukurasa wa katikati. Wino ulikuwa wa buluu iliyoanza kuwa kahawia, na mwandishi alikuwa na mwandiko wa kulala, herufi zake zimeshikana. Jina la mtoto, la baba. Jina la mama, la bibi. Jina la baba wa mtoto: "Tabora wa Heru".

Niliweka kidole chini ya neno la mwisho. Heru. Nilidhani mwandishi amekosea, nikatafuta herufi i zake katika mistari mingine ya ukurasa ule. Zote zilikuwa na nukta, ameziweka juu kabisa kana kwamba anazihesabu. Hii haikuwa na nukta. Ilikuwa u iliyo wazi, vifundo viwili na mkia. Baba akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akaniuliza, "Sasa Heru ni nani? Babu yake nani?" Sote tulidhani ni jina la mtu. Tabora mwana wa Heru.

Kutoka hapo tulikwenda shambani alikofanya kazi. Sitalitaja jina, kwa sababu waliopo sasa si waliokuwepo wakati ule; mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, kisha yakauzwa tena miaka ya tisini. Vitabu vya malipo vya zamani tulionyeshwa. Vilikuwa kwenye stoo nyuma ya korona, mtambo wa kukamua majani ya mkonge, vimerundikwa sakafuni, na mchwa walikwishavimaliza. Nilinyanyua kimoja kikabaki jalada mkononi, ndani ni udongo. Nililia pale, sioni aibu kusema. Watu walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30. Usipomaliza mafungu yako siku ile haiandikwi, umeikata bure. Mtu aliyehesabiwa hivyo, fungu kwa fungu, ingekuwa haki basi hesabu yenyewe itunzwe.

Ila kambini tulimkuta mzee aliyekuwa kijana wa brashi, pale singa zinaposuguliwa. Mzee huyo hakumkumbuka babu. Alichotuambia ni kwamba jina la kambini si la kulifuata sana. Watu walitoka Kigoma kwa treni, wakalala Tabora wakisubiri kuunganishwa na wengine, na aliyepanda Tabora mwandikaji akamwita Tabora. "Wengine walitoroka shamba moja wakajiandikisha shamba lingine kwa jina jipya," akasema. "Namba ndiyo ilikuwa ya kweli, na hata hiyo ilibadilika." Baba akauliza, "Kwa hiyo huenda si Mnyamwezi?" Yule mzee akamjibu, "Mwanangu, muulize aliyemwandika."

Aliyemwandika tulimtafuta Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa pale Upanga. Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu watu wengi wanadhani pale ni mahali pa maprofesa. Hapana. Unajitambulisha, unajaza fomu, unaeleza unachotafuta, unaacha begi na kalamu ya wino, unaingia na penseli na daftari. Chumba cha kusomea ni kimya kuliko msikiti. Kuna mafaili ya Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na kuna ya Waingereza, faili kwa faili, yamefungwa kwa utepe. Nilipoomba majina ya manamba, dada wa pale alinitazama kwa huruma, akasema majina ya kibarua mmoja mmoja ni bahati, nisianzie hapo. "Una neno gani lingine?" Nikamwambia Heru.

Akaniletea kitabu cha wilaya cha Kasulu. Vitabu hivi nawashauri wote wanaotafuta asili yao waviulizie. Mabwana shauri wa Kiingereza waliviandika wilaya kwa wilaya, mmoja akihama mwenzake anaendeleza: koo za watawala, mipaka, mila, kodi. Ni macho ya mtawala, na yapo mengi humo yanayouma kusoma. Lakini pale kwenye orodha ya tawala za Buha, Heru ilikuwapo. Heru ni nchi. Ni utawala wa Waha uliokuwa na mwami wake, yaani mtawala wa jadi, na katika miaka ya hamsini mwami huyo alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, jina ambalo mimi mwalimu wa historia nilikuwa nimelifundisha darasani bila kujua kwamba huenda alikuwa mtawala wa babu yangu. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Baba alibatizwa mwaka mmoja baadaye, na pengine ndiyo sababu hakukuwa na mtu Handeni wa kusema Heru ni mahali. Likageuzwa Heri, neno linalojulikana na lenye baraka, na sisi tukalibeba.

Nilimsomea baba kwa sauti ya chini. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe majina yake yote mawili ni vituo."

Ya katikati nitayapita haraka. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, lami tupu na alizeti pembeni. Tabora tulilala usiku mmoja. Baba aliomba tufike stesheni, akasimama kwenye jukwaa dakika chache, akanunua asali, tukaondoka. Nilimwona anaaga mji ambao alikuwa ameuita kwao miaka hamsini na zaidi bila kuufikia. Kisha Urambo, Kaliua, daraja la Malagarasi, Uvinza ya chumvi, na giza lilituingilia kabla ya Kasulu.

Asubuhi tulikwenda stendi kunywa chai. Kulikuwa na ubaridi, watu wamejifunika vitenge. Mama muuza chai alikuwa anamimina kwenye vikombe huku kisogo chake kiko kwetu. Akaja mzee mmoja na baiskeli, akaiegemeza. Mama akageuka, akapiga makofi polepole, akainama kidogo, akamwambia, "Mwakeye."

Baba aliitika. Aliitika "Naam", kama mtoto aliyeitwa kutoka ndani. Kikombe kilikuwa mkononi, chai ikammwagikia kwenye goti na hakujifuta. Yule mama akacheka kwa upole, akadhani mgeni anajifunza lugha, akamwambia kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi, ni kama kumwambia mtu "umeamkaje", na mwenzako naye anakujibu hivyo hivyo. Baba akaweka kikombe chini. Akapiga makofi, taratibu, kama alivyokuwa akifanyiwa, akasema neno lile akianza na mw, kwa mara ya kwanza bila kulikata. Kwa hiyo baba yake hakuwa akimpa jina. Alikuwa anamsalimu mwanawe kila alfajiri kwa lugha ya kwao, na hapakuwa na mtu mwingine nyumbani wa kumsalimu hivyo.

Heru Juu si mbali na mjini. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri, tukakalishwa chini ya mwembe, wakaitwa wazee. Swali lao la kwanza lilikuwa rahisi: jina lake nani? Baba akasema, kambini aliitwa Tabora. Wakatikisa vichwa. Jina alilopewa na wazazi wake? Hatukuwa nalo. Baba wa watu, mwenye miaka kama sitini na wajukuu juu, ameinamisha kichwa mbele ya wazee wenzake, anasema, "Sikulijua, nilikuwa mdogo."

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, hakusema kitu mpaka wengine walipokwisha. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole waliokwenda manamba kutoka upande ule na hawakurudi. Alitaja jina, akataja nyumba ilipokuwa, akataja aliyeachwa: mama, mchumba, ng'ombe. Mmoja alikwenda na kaka yake, kaka akarudi peke yake. Mmoja alituma shuka mara moja tu. Majina saba. Alipofika la saba akasema wapo wengine lakini hao hawajui vizuri, na hataki kudanganya.

Baba aliniomba daftari. Aliandika mwenyewe, kwa penseli ile ile ya Upanga, akimrudishia bibi kila jina alihakikishe, herufi kwa herufi, kwa sababu ameona herufi moja ilichofanya. Hatukupata namna ya kujua ni yupi kati yao, kama yumo. Tulikula pale ugali wa muhogo na migebuka, tukapiga picha, tukabadilishana namba za simu.

Karatasi ile ameibandika ukutani Handeni, juu ya kitanda. Akisali jioni anawataja wote saba.