Dripu haimlishi mgonjwa mahututi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu aligongwa na gari akiwa kwenye bodaboda pale Pongwe. Kaumia kichwa na paja, hajitambui, yuko ICU hapa Tanga. Siku ya pili tu wamempitishia mpira wa chakula, tena mdomoni, si puani. Si wangemwacha na dripu apumzike kwanza? Na mama anataka kumpelekea uji wa lishe na supu ya pweza.

Jibu: Marahaba. Poleni sana, wewe na mama.

Waliomwanzishia mapema wamefanya sawasawa. Presha ikishatulia, mgonjwa wa namna hii anatakiwa aanze kulishwa ndani ya saa 24 hadi 48, kidogo kidogo, huku kiasi kikiongezwa. Utumbo ukikaa bila kazi, ukuta wake hudhoofika.

Dripu ni maji, si chakula. Ile ya chumvi haina nguvu hata chembe. Ile ya sukari ya asilimia 5, lita nzima ina gramu 50 tu za glukosi, sawa na kilokalori 170 hivi. Mgonjwa kama mdogo wako huhitaji kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akiwa na kilo 60, ni 1,500 hadi 1,800. Hesabu mwenyewe: ni karibu lita tisa kwa uchache, na kwa aliyeumia kichwa maji hayo huzidisha uvimbe wa ubongo. Protini ndiyo haimo kabisa, naye anahitaji gramu 72 hadi 120 kwa siku. Asipoipata, mwili unakula misuli yake wenyewe, hata ile ya kupumulia, na kumtoa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua kunakuwa kazi.

Mpira kupita mdomoni ni tahadhari. Aliyegongwa kichwa huenda amevunjika mfupa wa chini ya fuvu, na mpira wa puani unaweza kupotea njia ukaingia kwenye ubongo.

Sasa uji wa mama. Tafadhali msimimine wenyewe, hata kama nesi kachelewa. Mpira ukiwa umesogea, chakula kinaingia mapafuni. Uji mzito, hasa wenye chembe za karanga au dagaa, unaziba mpira. Mkiuongeza maji, tumbo linajaa na nguvu haipo. Muulizeni afisa lishe wa wodi: akiruhusu, atawapa vipimo vya maziwa, mafuta na sukari, nanyi mchemshe, mchuje, mpeleke mara moja. Kwa joto letu hili la Tanga, chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mayai mabichi hapana. Supu ya pweza ikichujwa inabaki maji na chumvi, protini iko kwenye nyama. Pweza mwenyewe angojee siku atakapoweza kumeza.

Mkienda kumwona, angalieni kichwa cha kitanda kimeinuliwa, nyuzi 30 hadi 45, na alama ya mpira pale mdomoni haijahama. Ikihama, au akianza kukohoa wakati wa kulishwa, mwiteni nesi papo hapo.

Paja nalo huenda likampeleka thieta zaidi ya mara moja, na kila safari chakula husimamishwa. Kwa hiyo kila siku ulizeni: kati ya kiasi kilichopangwa jana, kimeingia kiasi gani? Kama ni nusu, ombeni kwa upole wapange namna ya kufidia.