"Tofauti kubwa" ao "tofauti ya maana"?

Swali: Mwalimu, jambo. Mimi ni mwanafunzi hapa Bukavu, naandika kazi yangu ya mwisho kwa Kiswahili. Nalinganisha majibu ya kartiye mbili. Kwa Kifaransa tunasema "différence significative". Niseme "tofauti kubwa" ao "tofauti ya maana"? Na pale hesabu inapogoma kuonyesha tofauti hiyo, niandike "tumekubali kwamba hakuna tofauti"?

Jibu: Dada yangu, "tofauti kubwa" iache kabisa. Kubwa ni neno la kipimo, na jaribio lako la kitakwimu halipimi ukubwa. Linauliza kama tofauti uliyoiona ingeweza kuletwa na bahati tu, kwa kuwa uliuliza nyumba hizi na si zile.

Chukua mfano wa kubuni. Umeuliza nyumba 100 za Ibanda na 100 za Kadutu kama zinatia dawa kwenye maji ya kunywa. Ibanda 60 zinasema ndiyo, Kadutu 50. Ukipiga hesabu, z, yaani namba inayoonyesha tofauti ni mara ngapi ya yumbo la kawaida la bahati, inatoka 1,42, chini ya 1,96 inayodaiwa kwa kiwango cha asilimia 5: kama hakuna tofauti, bahati peke yake ingefika hapo mara 5 hivi tu kati ya 100. Sasa uliza nyumba 200 kila upande, zijibu ndiyo 120 na 100. Tofauti ni ileile, lakini z imefika 2,01. Kilichokua ni ushahidi.

"Tofauti ya maana" nayo ina mtego. Kwetu mtu wa maana ni wa kuheshimiwa, jambo la maana ni la kushughulikiwa. Msomaji ataelewa kwamba unaagiza kitu kifanyike. Mimi huandika "tofauti yenye maana kitakwimu", na hilo "kitakwimu" silidondoshi hata sentensi ikirefuka.

Usiandike pia kwamba Ibanda imeipita Kadutu "kwa asilimia 10". Kutoka 50 hadi 60 ni pointi 10 za asilimia. Ukiifanya 50 ndiyo msingi, ongezeko ni asilimia 20.

Wazo unalolipima huitwa nadharia tete. Napenda neno hilo: tete ni punje ambayo bado haijakomaa. Ile inayodai hakuna tofauti, data ikishindwa kuiangusha, hujaikubali. Ukitafuta ufunguo gizani usiupate, husemi haumo nyumbani. Kitenzi chako kibadilishe hivi: "Hatukupata ushahidi wa kutosha kuikataa nadharia tete ya kutokuwepo tofauti." Ni ndefu, najua, lakini ndiyo uliyoifanyia kazi.