Kujitolea Ondiri si kuokota chupa tu

Umeuliza kama Friends of Ondiri Wetland, kikundi cha kuhifadhi kinamasi cha Ondiri, kazi yao ni kuokota plastiki tu. Hapana, ndugu. Kinamasi cha Ondiri, pale mjini Kikuyu, ni mojawapo ya vyanzo vya Mto Nairobi, na ukikikanyaga ardhi inanesa kama godoro, kwa sababu ni mkeka wa mimea uliotanda juu ya maji. Chupa zinaudhi macho, lakini kinachoweza kukikausha ni mikaratusi inayofyonza maji na pampu za kumwagilia mboga. Ndiyo maana wanapanda mianzi na miti ya kiasili kandokando. Ukienda vaa gambuti, na usijitie ushujaa wa kuingia katikati peke yako. Pana kina kirefu.