Mgodi wa shimo moja, si wangechimba watoke?

SWALI: Assalam aleikum. Dadangu yuko Newcastle, Uingereza, analea wazee. Juzi siku yake ya ofu kapanda basi mpaka kijiji kidogo kinaitwa New Hartley, akanitumia picha ya bustani ya ukumbusho pale palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Ati watu 204 walikufa sababu mgodi ulikuwa na shimo moja tu la kuingilia. Sielewi, si wangechimba watoke? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Fikiria kisima, sasa kisima hicho kimoja ndo mlango, ndo dirisha, na maji ya chini yanavutwa na pampu kupitia hapohapo. Katikati waliweka ukuta wa mbao, upande huu hewa safi inashuka, upande ule hewa mbaya inapanda. Shimo la pili lilikuwa gharama, na sheria haikulazimisha, basi wakaachia hapo.

Alhamisi ya tarehe 16 Januari 1862, asubuhi, boriti ya chuma ya ile pampu, zaidi ya tani 40, ikakatika na nusu yake ikaporomoka ndani ya shimo, ikabomoa ule ukuta wa mbao na mawe ya kingo yakaifuata, shimo likaziba kabisa. Na ilikuwa saa ya kubadilishana zamu, wale wa alfajiri wengi hawajatoka na wenzao washashuka, ndo maana idadi ikawa kubwa hivo.

Hawakufa kwa njaa wala kwa kupondwa wale wa chini, ni hewa. Sisi huku twajua mtu akilala na jiko la makaa chumba kimefungwa asubuhi haamki, basi ni hewa ileile. Mmoja wao alikutwa na kijitabu, kaandika Ijumaa kwamba saa nane kasorobo walikaa wakasali pamoja, na saa nane na nusu wengine wameshazidiwa. Yaani siku ya pili walikuwa hai, wanaandika! Hapo mimi huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Juu wenzao walichimba usiku na mchana lakini kingo zikawa zinamomonyoka na hewa ile ikawapiga hata wao, wakawafikia siku ya sita, watoto wamelala mikononi mwa baba zao. Manake wavulana wa miaka 10 sheria iliwaruhusu kushuka.

Mwaka huohuo bunge likapitisha sheria kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea.

Mwambie dadako akipata ofu nyingine aende Earsdon, si mbali na hapo, kwenye uwanja wa kanisa la St Alban's kuna mnara wenye majina yao. Asome na umri.